Kufuatilia nyendo za ng'ombe kwa kompyuta: mwongozo kamili wa kujenga mfumo wa taifa, kuanzia mnadani Dodoma

Kabla ya kutaja hereni, seva au vishikwambi, andikeni swali hili ukutani mwa ofisi: ng'ombe mmoja akibainika na ugonjwa wa miguu na midomo mnadani Kizota leo saa nne asubuhi, je, kufikia saa nne ya kesho tutaweza kutaja kila zizi alilolala, kila lori alilopanda na makundi yote aliyochanganyika nayo katika siku 14 zilizopita? Siku 14 hazikuokotwa tu. Mnyama aliyeambukizwa ugonjwa huo huchukua siku 2 hadi 14 kabla ya kuonyesha dalili. Mfumo unaolijibu swali hilo ni mfumo wa ufuatiliaji. Usiolijibu ni orodha ya hereni, hata ukiwa na michoro ya kupendeza kwenye skrini ya mkurugenzi.

Naanza hapo kwa sababu mazungumzo yetu yamekaa mno sikioni mwa ng'ombe. Tulipiga chapa za moto, zikaja hereni za kielektroniki (zenye chipu ya namba) mwaka 2021, kisha mwaka 2025 ikazinduliwa Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Hizo zote ni kazi za kumjua mnyama ni yupi. Katoka wapi na kaenda wapi ni kazi nyingine, na ndiyo ngumu.

Mifano yangu ni ya Dodoma. Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko Mtumba, mnada wa upili, yaani ule wa wizara, uko Kizota, ranchi ya taifa iko Kongwa, watafiti wa mifugo wako Mpwapwa, na ng'ombe wa Singida wanaokwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, wanapita barabara hiihii. Mfumo ukifanya kazi hapa, kwingine ni kuongeza watu na vifaa.

Hatua ya 1: Malizeni ya sheria na ya madaraka

Sheria ipo: Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya 2010. Vibali vya kusafirisha mifugo vinaegemea Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003. Ongezeni Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa sababu mtakuwa mnashika majina, namba za simu na mali za watu.

Kinachokwamisha huwa si sheria. Afisa mifugo wa kata ndiye atakayeshika kifaa, lakini ni mtumishi wa halmashauri, bosi wake ni mkurugenzi wa halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Wizara inaweza kutoa miongozo hadi kalamu zikauke. Pikipiki na mafuta ya afisa huyo haviko mkononi mwake. Kwa hiyo makubaliano ya maandishi kati ya wizara na TAMISEMI yatangulie zabuni ya programu: nani anapangia kazi, nani analipia bando, nani anapokea taarifa ya utendaji. Msipofanya hivyo mtapata mfumo mzuri usio na mtu wa kuujaza.

Jambo jingine la kuweka kwenye mkataba mapema: data yote ni ya serikali na inakaa kwenye seva za serikali, na mkandarasi anakabidhi msimbo wa programu pamoja na maelezo yake. Mkandarasi akiondoka na funguo, mtaanza upya.

Hatua ya 2: Sajilini mahali kabla ya kusajili ng'ombe

Kila mwendo una ncha mbili, alikotoka na alikofika. Ncha hizo zisipokuwa na namba, hakuna mwendo wa kuandika. Ndiyo maana nashikilia kwamba daftari la kwanza ni la mahali: maboma ya wafugaji, ranchi, minada ya awali ya halmashauri, minada ya upili ya wizara, majosho, vituo vya kupumzishia mifugo, karantini, vituo vya mpakani na machinjio.

Kila mahali papewe namba ya kudumu isiyobeba maana yoyote. Wasanifu wengi hutamani kuchomeka msimbo wa mkoa na wilaya ndani ya namba ili isomeke kwa macho. Msifanye hivyo. Iliyokuwa Dodoma Vijijini ilizaa Bahi na Chamwino, Kondoa ikazaa Chemba. Namba yenye wilaya ndani yake inaanza kudanganya siku mipaka inapobadilika. Wilaya, kata na kijiji viwe safu za kawaida kwenye jedwali, zinazoweza kusahihishwa.

Alama ya GPS ichukuliwe langoni mwa zizi. Halafu fanyeni ukaguzi rahisi sana: tafuteni maboma yaliyoandikwa nukta moja. Mkikuta maboma 40 ya kijiji kimoja yamerundikana mahali pamoja, jueni msajili alikaa chini ya mwarobaini wa ofisi ya kijiji akaita watu majina. Mrudisheni.

Kwa mfugaji anayehama kiangazi kutafuta maji na majani, tuseme kwenye mbuga za Bahi, sajilini mahali pawili: nyumbani na malisho ya msimu. Kundi likihama atume taarifa moja ya kundi zima, si ya ng'ombe mmoja mmoja. Mkimlazimisha asome hereni 180 kila anapohama, hatatoa taarifa kabisa, na mimi sitamlaumu.

Halafu kuna suala la nani ni mwenye ng'ombe. Hapa ndipo mifumo iliyonunuliwa nje inapovunjikia, na panastahili mazungumzo marefu kidogo. Sikilizeni usajili wa kawaida kijijini:

"Shikamoo mzee. Hawa wote 30 ni wako?"

"Marahaba. Wangu ni 17. Hao saba ni wa shemeji yangu wa Mvumi, mimi namfugia tu. Waliobaki ni wa binti, mahari yake. Na nina wengine wanne kwa rafiki yangu kule Chemba."

Kufugishana ni desturi ya siku nyingi ya watu wa ukanda huu. Inagawanya hatari ya ukame na magonjwa, inajenga undugu. Programu yenye kisanduku kimoja cha "mfugaji" itamlazimisha mzee huyu aseme uongo mara mbili katika dakika moja. Wekeni vitu vitatu vinavyojitegemea: mmiliki, mtunzaji na mahali. Ng'ombe akipelekwa kufugwa kwa rafiki, mahali na mtunzaji vinabadilika, mmiliki habadiliki. Akiuzwa kwa jirani lakini akabaki zizini hadi mvua, mmiliki anabadilika, mahali hapabadiliki. Akitoka kama mahari, vyote vitatu vinaweza kubadilika siku moja. Kwa kufuatilia ugonjwa, mahali ndipo muhimu zaidi; umiliki unasaidia kwenye wizi na mirathi.

Kitambulisho cha mtu kiwe namba ya NIDA kwa aliye nayo. Asiye nayo asajiliwe kwa barua ya mtendaji wa kijiji na namba ya muda, asirudishwe nyumbani.

Hatua ya 3: Hereni na namba ya mnyama

Fuateni viwango vya kimataifa, ISO 11784 na 11785. Namba ina tarakimu 15: tatu za mwanzo ni msimbo wa nchi, na wa Tanzania ni 834; 12 zinazofuata ni za mnyama. Zinazofuata haziwezi kuzidi 274,877,906,943 kwa sababu ya nafasi iliyomo ndani ya chipu, lakini kwa nchi iliyohesabiwa kuwa na ng'ombe milioni 33.9 katika sensa ya kilimo ya 2019/20, nafasi hiyo inatosha vizazi vingi. Namba itolewe mfululizo na isitumike tena mnyama akifa.

Daini katika zabuni kwamba hereni ziwe zimepimwa na ICAR, shirika la kimataifa linalosimamia uwekaji kumbukumbu za wanyama. Namba ileile iliyo ndani ya chipu ichapwe juu ya plastiki kwa maandishi makubwa, maana kifaa kitazimika na bwana mifugo atahitaji kusoma kwa macho.

Je, mtumie masafa ya redio ya chini (kilohezi 134.2) au masafa ya juu yanayosomeka kwa mbali? Ya juu yanasoma kundi zima kwa mkupuo, yanavutia. Ila mnataka kujua nani amepita langoni na nani hakupita, na ya chini, yanayosomeka karibu na mmoja mmoja, ndiyo yenye historia ndefu kwa ng'ombe. Australia ilifanya hereni za aina hiyo kuwa lazima nchi nzima mwaka 2005, Uruguay ikafuata 2006. Botswana ilianza na kidonge cha kielektroniki kinachomezwa na kukaa tumboni, baadaye ikahamia kwenye hereni. Mimi ningebaki na masafa ya chini.

Hereni iwekwe katikati ya sikio, kati ya matuta mawili makubwa ya gegedu, si kwenye ncha. Ya kwenye ncha inanasa miiba ya migunga na kuchanika. Ikipotea, mnyama anavalishwa mpya na mfumo unaunganisha namba mpya na ya zamani kama maisha ya mnyama mmoja. Wasiofunga uzi huo wanapoteza historia yote, na mwizi anajua hivyo: kata sikio, vesha mpya, ng'ombe anazaliwa upya. Ombi la hereni mbadala kwa mnyama mkubwa mwenye sikio lililokatwa liende kwa daktari wa mifugo wa wilaya.

Gharama: mwaka 2021 mfugaji alitakiwa kulipia shilingi 1,750 kwa hereni ya ng'ombe, na mazungumzo yote vijijini yakawa ya bei. Hereni ya kwanza ilipwe na serikali au iunganishwe na chanjo, ili mfugaji aondoke na kitu cha faida siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Jengeni kanzidata ya matukio

Msiweke kwenye jedwali la ng'ombe safu ya "mahali alipo" inayofutwa na kuandikwa upya. Andikeni matukio: kuzaliwa, kuvishwa hereni, kutoka, kupokelewa, kuuzwa, kuchanjwa, kufa, kuchinjwa. Mahali alipo leo ni hesabu inayotokana na tukio la mwisho. Tukio halifutwi. Likiwa na kosa, linaandikwa tukio la marekebisho lenye jina la aliyerekebisha na sababu, kama muuza duka anavyopiga mstari kwenye daftari la madeni bila kuchana ukurasa.

Tukio moja la kutoka linaonekana hivi: namba ya mnyama 834000004512207, aina ya tukio: kutoka; kutoka mahali namba fulani; kwenda mnada namba fulani; sababu: kuuzwa; namba ya kibali; chombo: lori na namba yake, au kuswagwa kwa miguu; aliyeandika; saa ya kifaa; saa ya seva. Saa mbili, kwa sababu kifaa kilichokaa bila chaji kikiwashwa kinaweza kudai ni mwaka mwingine kabisa.

Kutoka na kupokelewa ni matukio mawili tofauti yanayoandikwa na watu wawili. Hili nalitilia mkazo kuliko lolote. Ng'ombe aliyetoka asipokelewe ndani ya muda wa kibali anaingia kwenye orodha ya "walio njiani", na orodha hiyo ndiyo inayofunguliwa kila asubuhi na msimamizi wa mfumo. Ndimo walimo wagonjwa waliofia njiani, walioibwa, waliochinjwa porini na vibali vilivyotumika kupitisha ng'ombe wengine.

Tahadhari moja ya kiofisi. Namba zihifadhiwe kama maandishi, si kama tarakimu za hesabu. Mtu akifungua orodha kwenye Excel, namba ya hereni itaonekana 8.34E+14, na namba ya NIDA yenye tarakimu 20 itageuzwa tarakimu tano za mwisho kuwa sifuri, kimyakimya. Faili hiyo ikipakiwa tena mfumoni, mmeharibu utambulisho wa wilaya nzima. Zuieni upakiaji wa aina hiyo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Langoni mwa mnada

Mnada ndipo makundi yasiyojuana yanapopumua pamoja, hivyo ndipo mfumo unapopimwa. Uingereza ilikuwa imeanzisha mfumo wa kompyuta wa kufuatilia ng'ombe mwaka 1998, lakini ugonjwa wa miguu na midomo wa 2001 ulisambazwa sana na kondoo waliopita minadani bila kufuatiliwa mmoja mmoja. Kwa hiyo hata kama mnaanza na ng'ombe, mbuzi na kondoo waandikwe walau kama kundi: idadi, walikotoka, waliponunuliwa.

Simameni langoni kabla ya kusanifu skrini yoyote. Asubuhi ya mnada vumbi limetanda, wachuuzi wanataka kuingiza makundi kabla ya bei kupanda, madalali wanapiga kelele, na karani ana daftari la ushuru kwapani. Kifaa kinachohitaji kugusa skrini mara sita kwa kila ng'ombe kitawekwa mezani ndani ya nusu saa. Lengo liwe hivi: karani anasoma kibali kimoja, anachagua "ingia", kisha ng'ombe wanapita njia nyembamba mmoja mmoja, fimbo ya kusomea inalia kila anaposomwa, na mwisho skrini inasema tu: kibali kina 22, wamepita 21, huyu hapa hajaonekana.

Hiyo njia nyembamba ijengwe kwanza. Karibu na antena tumieni nguzo za mbao, kwa sababu mabomba ya chuma huvuruga usomaji. Fimbo ya mkononi husoma kwa umbali mdogo, hivyo karani asimame ubavuni, nyuma ya kizuizi. Pembe za ng'ombe wetu hazina adabu.

Kila kitu kifanye kazi bila mtandao. Kuna minada ambako simu inashika juu ya kichuguu tu. Kifaa kihifadhi matukio, kitengeneze namba ya pekee ya kila tukio papo hapo, na kitume kikipata mtandao. Kikituma mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika katikati, seva itambue ni tukio lilelile na isihesabu ng'ombe wawili. Orodha ya hereni zilizoripotiwa kuibwa na maeneo yaliyo karantini iwe imepakuliwa kifaani usiku uliotangulia. Na fomu za karatasi zenye namba za mfululizo ziwepo, ziingizwe mfumoni siku hiyohiyo.

Mfugaji mwenyewe asidaiwe simujanja. Atumie menyu ya kupiga nyota na namba kwenye simu ya kitochi, au aende kwa mtendaji. Kila tukio linalomhusu ng'ombe wake limletee ujumbe mfupi. Ujumbe wa "ng'ombe wako namba fulani ameingia mnadani" ukimfikia mtu ambaye hakupeleka ng'ombe mnadani, mmeshapata askari wa bure.

Hatua ya 6: Kibali, barabara na machinjio

Kibali kitolewe na mfumo wenyewe. Kabla ya kukitoa programu iulize maswali manne: mnyama yupo kweli mahali anaposemwa yupo? Kuna karantini pale au anakokwenda? Chanjo zinazotakiwa zimeandikwa? Njia na muda vinaingia akilini? Kundi linaloswagwa kutoka Kwa Mtoro haliwezi kupewa muda wa saa sita tu kufika mjini. Daktari anaweza kukataa au kukubali, lakini sababu yake ibaki kwenye kumbukumbu. Malipo yapite kwenye mfumo wa malipo ya serikali kwa namba ya malipo, pesa taslimu isishikwe na anayetoa kibali.

Barabarani mkaguzi asome idadi na hereni chache za kuchagua bila mpangilio. Kushusha ng'ombe wote wa lori juani ni kuwaumiza, na huzaa mazungumzo ya pembeni ambayo hayaandikwi popote.

Machinjioni maisha ya namba yanafungwa. Hereni ikatwe, isomwe, iharibiwe mbele ya mkaguzi wa nyama, na tukio la kuchinjwa liandikwe pamoja na alichoona mkaguzi. Mapafu yenye dalili za homa ya mapafu ya ng'ombe yarudishe taarifa moja kwa moja kwa wilaya alikotoka. Ugonjwa huo unaweza kukaa mwilini miezi, kwa hiyo utafutaji nyuma usiishie siku 14.

Hatua ya 7: Hofu ya kodi

Mfugaji wa kanda ya kati anapoulizwa idadi ya ng'ombe, kwanza anafikiria kodi, halafu kupunguziwa mifugo. Hana sababu ya kuwaamini kwa maneno. Wekeni kwenye kanuni kwamba takwimu za mfugaji mmoja mmoja hazitumiki kumtoza wala kumwondoa, kisha zuieni kwa programu: afisa ushuru aone kilichoingia mnadani, asione zizi, polisi wapate taarifa kwa namba ya jalada, daktari wa wilaya aone wilaya yake na nyendo zinazoigusa. Kila anayechungulia aache alama, na mfugaji aweze kuuliza nani alitazama taarifa zake.

Hatua ya 8: Anzeni na mnyororo mmoja

Msizindue nchi nzima. Chukueni mnyororo kamili: vijiji vya Chemba vinavyoleta ng'ombe, mnada wa awali, Kizota, machinjio moja Dodoma, na Pugu upande wa pili. Wilaya tano zenye hereni bila mnada hazifundishi kitu. Mnyororo mmoja mwembamba hufundisha kila kitu. Uendeshwe masika na kiangazi, kwa sababu nyendo za misimu hiyo hazifanani. Wakati huo andaeni makarani wawili kila lango, chaja za sola, vifaa vya akiba, na namba ya simu inayopokelewa saa kumi na moja alfajiri siku ya mnada.

Halafu fanyeni zoezi. Mtu asiye wa timu ya mfumo achague mnyama kwa kubahatisha kutoka kwenye orodha ya waliochinjwa, apige simu na kusema: huyu alikuwa mgonjwa. Saa inaanza kuhesabu. Timu ilete maboma, minada, malori na namba za wanyama waliochanganyika naye. Kisha watu wapande pikipiki wakahakikishe kwenye maboma matatu kati ya yaliyotajwa, maana jibu la skrini lisilolingana na zizi halina thamani. Kila pengo liandikwe kwa lango lake na saa yake. Pengo likirudi lango lilelile, hapo pana shida ya kifaa, ya mtu au ya njia ya kupitishia ng'ombe, na ziara inayofuata ya wizara ianzie hapo. Zoezi lirudiwe kila robo mwaka, na matokeo yake yabandikwe kwenye mbao za matangazo za minada iliyohusika.